Aliyenifaa kwa dhiki sasa anaomba akaunti yangu

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa kazini wakati wa mapumziko, kwa sababu ninakoishi tuko wengi na sitaki jambo hili lisikike. Mimi ni mwanamke, natunza wazee katika nchi ya watu. Nyumbani nimemwacha mama na mdogo wangu wa kiume. Mshahara ukiingia, kwanza natoa fungu la mama, ndipo nafikiria kodi na nauli.

Nilipofika huku sikuwa na karatasi kamili. Benki zilikataa kunifungulia akaunti, na kampuni za kutuma pesa zilitaka kitambulisho ambacho sikuwa nacho. Wenzangu wakanipeleka kwa mtu wa kwetu anayefanya hawala. Sote tunamwita Mzee. Unampa taslimu, anaandika kwenye daftari lake kiasi, jina moja la mpokeaji na namba ya simu, kisha anakutajia tarakimu nne. Nami namtumia mama hizo tarakimu kwa ujumbe. Jioni hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi, kijana anabisha hodi, mama anamtajia tarakimu, anahesabiwa pesa zake mkononi. Hakuna foleni wala fomu. Na makato yake ni madogo kuliko kwingine kote nilikouliza.

Kuna kipindi mama alilazwa, hospitali ikataka pesa kabla ya upasuaji, na mshahara wangu ulikuwa bado. Nikampigia Mzee usiku. Hakuniuliza dhamana wala maandishi. Alisema, "Mwanangu, kesho asubuhi pesa zitakuwa kwa mdogo wako, utanilipa ukipata." Kweli zilifika. Mama yu hai. Nililipa polepole, na Mzee hakuongeza hata senti.

Sasa nimepata kibali cha kuishi na kufanya kazi, na akaunti ya benki ninayo. Nataka kumwombea mama aje kunitembelea, na ikiwezekana baadaye aishi nami. Anayenisaidia kujaza fomu akaniuliza, "Una ushahidi gani kwamba wewe ndiye unayemtunza mama yako?" Sikuwa na jibu. Miaka yote hii namtunza, lakini risiti sina hata moja.

Nikajaribu kampuni ya kutuma pesa. Mama alifika dirishani akarudishwa, kwa sababu jina lake kwenye kitambulisho limeandikwa tofauti na nilivyoliandika mimi, na jina la baba yake halimo kabisa. Alinipigia amechoka, akasema, "Rudi kwa Mzee, mwanangu." Mdogo wangu anataka nitume kwenye simu yake, naye atamfikishia mama. Nampenda mdogo wangu, lakini imewahi kutokea mama akapokea pungufu, na kila mmoja akawa na maelezo yake.

Juu ya hayo, hivi karibuni Mzee aliniita pembeni. Anasema benki inamsumbua, na kwa kuwa akaunti yangu ni safi, angependa watu wake fulani waweke pesa humo, nami nizitoe nimpe taslimu au nizitume kwa majina atakayonipa. Atanipa kitu kidogo, na pesa za mama hatazikata tena. "Ni msaada tu, mwanangu," ndivyo alivyosema. Nilimjibu nitafikiri. Tangu siku hiyo ananipigia kunijulia hali kuliko zamani.

Mwenzangu mmoja kazini anasema hawala yote ni kinyume cha sheria na nitafungwa. Mwingine anasema makampuni ndiyo wezi wenyewe. Nikimkatalia Mzee, naona namtupa mtu aliyemwokoa mama yangu. Nikikubali, naogopa. Nifanye nini, Shangazi?

Mtunza wazee, ugenini (jina tumelihifadhi)

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nafurahi kwamba mama yu hai, na kwamba ulimwambia Mzee utafikiri badala ya kumkubalia palepale.

Barua yako inauliza jambo moja, lakini ndani yake naona mawili. La kwanza ni njia gani utumie kumpelekea mama pesa. La pili ni kama umpe Mzee akaunti yako aitumie. Mzee ameyaunganisha kwa kukuahidi kwamba hatakata pesa za mama, nawe umeyapokea yakiwa yameunganishwa hivyo. Naomba tuyatenganishe, kwa sababu unaweza kuendelea kutuma kwa Mzee bila kumpa akaunti, na unaweza pia kuacha kutuma kwake huku heshima yenu ikibaki palepale.

Nianze na la akaunti, maana ndilo lenye haraka. Pengine hujawahi kuambiwa kwamba noti ulizompa Mzee hazijawahi kuvuka mpaka. Upande wa nyumbani kuna mwenzake anayemlipa mama kutoka mfukoni mwake, na Mzee anabaki na deni kwa mwenzake huyo. Deni hilo hulipwa kwa njia nyingi. Mara ni kwa bidhaa zinazonunuliwa huku na kuuzwa kule, mara ni kwa pesa za watu wanaotaka kutuma upande wa pili, kwa mfano mzazi aliye nyumbani anayemlipia mwanawe ada ya chuo ng'ambo, na mara nyingine ni kwa uhamisho wa kawaida wa benki. Mfumo huu ni wa kale kuliko benki nyingi, na umesimama kwa uaminifu. Lakini mahali fulani hesabu lazima isawazishwe, na hapo ndipo watu kama Mzee wanapohitaji akaunti. Benki ikimfungia yake, au ikianza kumhoji, anatafuta jina lingine. Safari hii jina lililomjia ni lako.

Inawezekana kabisa kwamba pesa anazotaka kuzipitisha ni za watunza wazee na wasafisha ofisi kama wewe, jasho tupu. Inawezekana pia kwamba kati yake mna pesa za mtu aliyemtapeli mwingine, au za biashara ambayo wewe usingeigusa hata kwa kidole. Huna namna ya kujua. Nina shaka kama hata Mzee mwenyewe hujua kila mara. Na benki huiona hali hiyo kwa jicho moja tu: mtu wa mshahara mdogo anaanza kuwekewa pesa na watu asiohusiana nao, na muda mfupi baadaye zinatolewa taslimu. Mifumo ya benki imetengenezwa hasa kutambua mwenendo wa aina hiyo. Maswali yakija yatamwendea mwenye akaunti. Mzee hatakuwa kwenye karatasi yoyote.

Nchi nyingi zina sheria za utakatishaji fedha, yaani kuficha chanzo cha pesa haramu, na mara nyingi kusema "nilikuwa namsaidia mtu wa kwetu" hakutoshi kumwondolea mtu lawama, hasa akionekana alipokea malipo kwa kazi hiyo. Hata usipofikishwa mahakamani, akaunti inaweza kufungwa, ukapata tabu kufungua nyingine. Na wewe una kibali ulichokihangaikia, na ombi la mama liko njiani. Ikiwa uhamiaji watataka taarifa ya akaunti yako, watauliza pesa hizi zimetoka wapi, nawe utakuwa na majina ya watu usiowajua. Uamuzi ni wako, mwanangu, lakini katika hili sijaona namna ya kukubali ambayo ingekuacha salama.

Sasa tuje kwa hawala yenyewe. Mwenzako anayesema yote ni kinyume cha sheria amekuwa mwepesi wa kusema. Inategemea uko nchi gani. India imeipiga marufuku. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, benki kuu husajili watu wa hawala na kuwasimamia. Uingereza na Marekani, anayetaka kuwatumia watu pesa kama biashara lazima asajiliwe na afuate masharti, awe na ofisi ya vioo au daftari la mkono. Kwa hiyo kabla ya kujiuliza kama hawala ni halali, jiulize kama huyu Mzee amesajiliwa hapo mlipo. Orodha za waliosajiliwa mara nyingi ziko wazi kwa umma kwenye tovuti za wasimamizi wa fedha, na unaweza kutafuta bila kumtaja mtu. Unaweza pia kumuuliza yeye mwenyewe kwa adabu. Wapo wenye kazi kama yake waliokata leseni au waliojiunga na kampuni yenye leseni kama mawakala, wakaendelea na wateja wao walewale, sasa wakiwapa risiti. Huenda Mzee hajawahi kuambiwa kwamba mlango huo upo.

Asipokuwa amesajiliwa, jiulize nini kitatokea siku mambo yatakapoharibika. Makato madogo na haraka ni mazuri siku za kawaida. Lakini Mzee akiugua ghafla, au akikamatwa, au yule mwenzake wa nyumbani akikataa kulipa, pesa zako ziko kwenye daftari ambalo huna nakala yake, na huna ofisi ya kulalamikia. Novemba 2001 Marekani ilifunga kampuni ya Wasomali iitwayo Al-Barakaat na kuzuia mali zake, ikiituhumu kufadhili ugaidi. Watu waliokuwa wameikabidhi pesa za wazazi na watoto wao walikwama pamoja nayo. Baadaye wachunguzi wa tume iliyoundwa kuhusu mashambulizi ya Septemba 11 hawakupata ushahidi wa kuthibitisha tuhuma hizo. Aliyetuma pesa za dawa alikuwa hana kosa lolote, na bado hazikufika.

Ila usidhani kwamba upande wa pili ni ngome. Mwaka 2013 benki ya Barclays ya Uingereza ilitangaza kufunga akaunti za kampuni nyingi za kutuma pesa, zikiwemo zenye usajili kamili zilizokuwa zikihudumia familia za Wasomali, kwa hofu ya kuonekana imezembea kuzuia pesa haramu. Kampuni moja, Dahabshiil, ilikwenda mahakamani na kupata amri ya muda ya kuizuia benki isifunge akaunti yake. Nakutajia haya ili usiihukumu njia yoyote kwa jina lake. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba kwenye njia rasmi unabaki na karatasi, na mwenye karatasi ana pa kuanzia kudai.

Kuhusu anayesema makampuni ni wezi, malalamiko yake yana msingi. Benki ya Dunia hufuatilia gharama hizi kwa kupima kiasi kinachokatwa mtu akituma dola 200, na wastani wa dunia umekuwa ukikaa juu kidogo ya asilimia 6, ilhali Umoja wa Mataifa uliweka lengo la kushuka chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Kutuma kwa benki ndiko ghali zaidi kwa kawaida, na kutuma kwa simu au mtandaoni ndiko nafuu zaidi. Sehemu ya makato imefichwa kwenye kiwango cha kubadilisha fedha. Kampuni itakuandikia "ada sufuri" huku ikinunua sarafu yako kwa bei ya chini. Kwa hiyo usiulize ada ni kiasi gani. Uliza, "Nikikupa kiasi hiki, mama atahesabiwa kiasi gani mkononi?" Muulize Mzee swali hilo hilo, siku moja na saa moja, ulinganishe. Huenda ukakuta tofauti si kubwa ulivyozoea kuamini, au ukakuta ni kubwa kweli. Ukiijua, utaamua kama risiti inastahili kulipiwa tofauti hiyo.

Kilichonigusa zaidi ni mama kurudishwa dirishani. Wewe umekiona kama kikwazo cha kutuma pesa. Mimi naona ni kikwazo cha safari yake pia, kwa sababu jina lenye utata kwenye kitambulisho litasumbua vilevile kwenye pasipoti na kwenye ombi la viza. Mwombe akupigie picha kitambulisho chake, mbele na nyuma. Safari ijayo andika jina herufi kwa herufi kama lilivyo pale, hata kama silo jina mnalomwita nyumbani. Kama kitambulisho chenyewe ndicho chenye kosa, ni bora kazi ya kukirekebisha ianze sasa, kabla ya fomu yoyote kutumwa. Kisha muulize kama angependa kupokea kwa simu iliyosajiliwa kwa jina lake, au kwenye akaunti yake. Anaposema urudi kwa Mzee, huenda anachokitaka hasa ni kutosimama kwenye foleni na kutoaibishwa mbele za watu. Hilo lina njia zaidi ya moja.

Kuhusu mdogo wako nitasema machache. Sijui nini kilipungua wala kwa nini, na wewe hujui kwa hakika. Lakini pesa zikipita kwenye simu yake, risiti zitaandikwa jina lake, na mbele ya uhamiaji zitaonyesha kwamba unamtunza yeye. Una sababu ya kutosha ya kumtumia mama moja kwa moja bila kumshutumu mtu. Mwambie hivyohivyo: ni kwa ajili ya karatasi za mama. Na kama yeye ndiye anayemhangaikia mama kila siku, pengine anastahili fungu lake dogo linalojulikana, ili asilazimike kulitafuta ndani ya la mama.

Miaka iliyopita hairudi, lakini haijapotea yote. Zile jumbe ulizomtumia mama zenye tarakimu nne, kama zingali kwenye simu, zihifadhi. Tafuta risiti za hospitali, na rekodi za pesa ulizotoa benki siku za mshahara tangu ulipopata akaunti. Ila usiziwasilishe kabla ya kuzungumza na wakili au shirika linalosaidia wahamiaji, kwa sababu ushahidi wa hawala unaweza kusaidia na unaweza pia kuzaa maswali juu ya kipindi ambacho hukuwa na karatasi. Huenda ukashauriwa kuanza upya na kusubiri hadi risiti zitoshe. Inauma, najua, maana mama hazidi kuwa kijana.

Nimemwacha Mzee mwisho kwa sababu ndiye anayekuuma moyoni. Alikukopesha usiku mmoja ambao hakuna benki ingekusikiliza. Ule ulikuwa wema, na hata kama leo anakuomba jambo la hatari, haugeuki kuwa ubaya. Lakini pesa zake ulizirudisha zote. Kinachobaki ni shukrani, na hiyo unaweza kumlipa kwa kumtembelea akiugua, kumsaidia kusoma barua asizozielewa, kumwombea dua, au hata kumtafutia maelezo ya usajili niliyoyataja. Sioni kwa nini ilipwe kwa jina lako. Unasema anakupigia kukujulia hali kuliko zamani. Yaweza kuwa mapenzi, yaweza kuwa shinikizo. Utajua ukishamjibu.

Ukiamua kukataa, usipotee kimya wala usimdanganye kwamba akaunti imefungwa. Unaweza kumwambia, "Mzee, sitasahau ulichomfanyia mama. Lakini nina ombi uhamiaji, na akaunti yangu itakaguliwa. Siwezi kuingiza pesa ambazo siwezi kuzieleza." Ni kweli tupu, na haimshutumu. Anaweza kununa. Anaweza kuwaambia wengine kwamba umepata karatasi ukawasahau wenzako, na ugenini maneno kama hayo humfanya mtu akose hata wa kumpigia siku ya shida. Hatari hiyo sitaki kuidogosha. Ndiyo maana nakuomba, kabla ya kuzungumza naye, uanze kuweka kando chochote kidogo kwa ajili ya dharura ya mama, kwa sababu ule mkopo wa usiku ndio hasa unaoogopa kuupoteza.

Mwombe mama picha ya kitambulisho wiki hii, kisha niandikie unijulishe jina limekosewa wapi. Kama ni herufi moja tu, nitakujibu namna moja. Kama ni jina zima la babu yako lililoachwa, kuna viapo na vyeti vya kutafuta, na hapo tutahitaji kuanza mapema.

Shangazi